Uzi: Usenet imekubali kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, njoo nikuonyeshe nilipokwama na nilivyotoka

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, niko Tanga. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kundi moja la mafundi wa dunia nzima linaitwa sci.electronics.repair. Nililikuta kupitia Google Groups, kwa hiyo nikawa nalifungulia humo humo kwenye kivinjari. Tarehe 22 Februari 2024 Google wakaacha kuhudumia Usenet. Yaliyoandikwa kabla ya siku hiyo bado yanasomeka, ila mapya hayaingii na kujibu huwezi. Mimi nikajua kundi limekufa. Nilikaa zaidi ya mwaka mzima nikiamini hivyo, na kwa kweli iliniuma, maana kule kuna watu walionifundisha kazi bila kunijua.

Kundi halijafa. Ni dirisha nililokuwa nachungulia ndilo lililofungwa.

Kwa wasioijua Usenet, naomba mnivumilie kidogo. Hii si tovuti, ni mkusanyiko wa makundi ya mazungumzo ya maandishi. Wazo lilianza mwishoni mwa 1979 kwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na Steve Bellovin wa chuo jirani cha North Carolina ndiye aliyeandika programu ya kwanza. Kompyuta zilikuwa zinapigiana simu na kupokezana ujumbe. Mpaka leo mtindo ni ule ule: kuna seva nyingi, kila moja ina nakala yake, ukiandika kwenye moja inampa jirani, jirani anampa jirani, mpaka zote zinakuwa na ujumbe wako. Hakuna mwenye nyumba. Ndiyo maana Google alipoondoka, waliobaki waliendelea kuongea kama kawaida. Linus Torvalds alitangaza kazi yake ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, humu, kundi la comp.os.minix, tarehe 25 Agosti 1991. Mwezi huo huo Tim Berners-Lee naye alitangaza mradi wake wa wavuti kwenye alt.hypertext. Kwa hiyo tunaongelea mahali penye uzito.

Ili kuingia unahitaji vitu viwili: seva ya kukupa ujumbe, na programu ya kusomea.

Seva ninayotumia ni Eternal September. Ni ya bure, unajisajili kwenye tovuti yao, unakuwa na jina la mtumiaji na nenosiri. Wanabeba maandishi tu, mafaili makubwa ya filamu na nini hakuna. Kwangu hilo ni jema, bando langu linabaki salama.

Programu ndiyo iliyonitesa. Nilianza na CD yangu ya zamani yenye kisomaji cha miaka ya tisini. Windows 11 ikakataa kukifungua kabisa. Sababu ni kwamba programu ile ni ya biti 16, yaani ya muundo wa kompyuta za zamani, na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na Windows 11 yote ni ya biti 64. Nikakumbuka Outlook Express, ile ya enzi za Windows XP. Nayo iliishia huko huko XP. Ndipo nikashusha Thunderbird ya Mozilla, ambayo pamoja na barua pepe bado inasoma makundi.

Hapa sasa ndipo nilipokwama siku mbili nzima, na ndiyo sababu ya kuleta uzi huu. Ukifungua akaunti ya makundi, Thunderbird inakuuliza jina lako, anwani ya barua pepe na jina la seva. Basi. Nenosiri haikuulizi, wala poti, yaani namba ya mlango wa kuingilia seva. Unamaliza, unafurahi, ukiomba orodha ya makundi inakuja tupu. Nikafuta, nikaanza upya, nikabadilisha nenosiri, nikazima antivairasi, hola. Kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Unatakiwa uingie kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya seva, ufanye mambo matatu:

1. Usalama wa muunganisho uweke SSL/TLS, ile njia ya kuficha yanayopita.
2. Poti iwe 563. Ile 119 inayokuja yenyewe ni ya njia ya wazi, nenosiri lako linapita bila kufichwa.
3. Weka tiki kwenye kile kisanduku cha kudai uthibitisho kila inapounganishwa na seva.

Hicho cha tatu ndicho ufunguo. Bila tiki hiyo programu inabisha hodi bila kujitambulisha, seva inasubiri ijitambulishe, na wewe unabaki kutazama orodha tupu. Nilipoitia tu, kikatokea kidirisha cha jina na nenosiri, na makundi yakashuka maelfu kwa maelfu. Nilikaa pale mpaka alfajiri.

Nawasilisha. Aliyekwama aulize, nitajibu ninachokijua.

#2

Naweka kambi hapa. Mkuu hongera, kitambo sijaona uzi wa namna hii jukwaa hili.

Swali: hiyo akaunti ya makundi inafunguliwa wapi? Mimi kila nikibonyeza akaunti mpya inanipeleka kwenye barua pepe tu.

#3 – Mleta uzi

Mkuu #2, bonyeza kitufe cha Alt kwenye kibodi, menyu ya juu itajitokeza. Ingia menyu ya kwanza kabisa, ya faili, kisha mpya, shuka chini utaona akaunti ya makundi ya habari imetengwa na ile ya barua pepe. Jina la seva andika news.eternal-september.org, bila nafasi na bila kitu kingine mbele.

Na hapo kwenye anwani ya barua pepe kuwa makini. Utakachojaza kitaonekana na kila mtu duniani kwenye kila ujumbe utakaoandika, na wakusanyaji wa anwani za kupelekea barua taka wanapita humo tangu zamani. Mimi naweka anwani inayoishia na .invalid. Kikoa hicho kilitengwa rasmi mwaka 1999 ili kisije kuwa cha mtu yeyote, kwa hiyo humsumbui mwenye anwani yake.

#4

Kwani kuna nini huko ambacho WhatsApp na Telegram hakuna? Nauliza kwa nia njema tu, kiongozi.

#5 – Mleta uzi

Mkuu swali zuri na nalijibu kwa moyo wote.

Niko kwenye magrupu matano ya mafundi ya WhatsApp. Yananisaidia, siyakatai. Lakini jaribu kutafuta leo jibu ulilopewa miaka mitatu iliyopita. Simu imebadilishwa, grupu limejaa picha za salamu za asubuhi, aliyejibu katoka. Usenet kila mada ni mti wake: swali juu, majibu yananing'inia chini yake, na jibu la jibu linaonekana linamjibu nani. Unaweza kuifuata hoja kuanzia shina mpaka tawi la mwisho.

Nitoe mfano halisi. Kundi lile la matengenezo ya vifaa vya umeme ndilo lililozaa mwongozo wa Sam Goldwasser, ule unaoitwa Sci.Electronics.Repair FAQ. Maswali yaliyokuwa yanarudi rudi, namna ya kupima kapasita, namna ya kutoa chaji kwenye televisheni ya zamani ya chogo kabla hujaingiza mkono, yote yalikusanywa na kupangwa. Mimi nilijifunza kupima transista kwa mwongozo ule nikiwa sina hela ya kwenda chuo. Mtu aliyekaa Marekani aliandika, kijana wa Tanga akapata kula. Kwa nini nisilipende?

Halafu bando. Unashusha vichwa vya habari tu, ukikipenda kimoja ndipo maandishi yake yanashuka. Maandishi matupu, hakuna video inayojifungua yenyewe. Jioni nzima ya kusoma inanila MB chache sana. Na hakuna anayekuchagulia cha kuona. Kilichoandikwa jana kinakuja cha jana, cha leo kinakuja cha leo.

#6

Wakuu mimi natumia Linux Mint, laptop ya zamani ya RAM GB 2. Thunderbird inanilemea. Kuna nyepesi?

#7

Mkuu #6, nijibu mimi kwa ruhusa ya mleta uzi, maana hapo ndipo kwangu.

Andika sudo apt install pan. Pan ni kisomaji hasa, hakikuanza kama programu ya barua pepe, na ni chepesi. Mara ya kwanza tu ukikifungua kinakuomba seva, poti, jina na nenosiri, yote sehemu moja, kwa hiyo mtego wa mleta uzi haupo. Kina pia mfumo wa kutoa alama: mwandishi unayemthamini unampandisha, msumbufu unamshusha mpaka hata humwoni.

Ukitaka nyepesi kupita hiyo, kuna slrn ya kwenye skrini nyeusi ya maandishi. Hiyo hata mashine ya RAM MB 256 inaibeba. Tengeneza faili la .slrnrc kwenye folda yako ya nyumbani, weka mstari huu:

nnrpaccess "news.eternal-september.org" "jina" "nenosiri"

Kisha mara ya kwanza:

slrn -h snews://news.eternal-september.org -f ~/.newsrc --create

Ile s ya mwanzo kwenye snews ndiyo inayosema pita njia iliyofichwa. Faili la .newsrc ni daftari lako, ndani yake kuna majina ya makundi na namba za ujumbe ulizokwisha kusoma. Ni maandishi ya kawaida, ukihama kompyuta unaweza kulibeba. Ila kumbuka namba zile ni za seva hiyo hiyo, ukihamia seva nyingine haziendani.

#8

Mimi nina kisomaji changu cha biti 32 cha zamani, kinafunguka vizuri Windows 10 na nimekizoea mno. Tatizo hakijui TLS ya kisasa. Nikitumia 119 kinaingia, ila mmesema si salama. Niachane nacho?

#9 – Mleta uzi

Usikiache mkuu, mkono uliouzoea ndio unaofanya kazi. Kuna programu ndogo inaitwa stunnel. Inakaa katikati: kisomaji chako kinaongea nayo humo humo ndani ya kompyuta bila kuficha, yenyewe inaificha na kuipeleka nje. Kwenye faili lake la mipangilio andika:

[habari]
client = yes
accept = 127.0.0.1:1119
connect = news.eternal-september.org:563

Halafu kwenye kisomaji, seva andika 127.0.0.1, maana yake kompyuta yako yenyewe, na poti 1119. Jina na nenosiri yanabaki kama yalivyo. Hakikisha stunnel inawaka kabla hujafungua kisomaji.

Ila Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuipa huduma ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, hilo nalo liweke akilini.

#10

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, niko Iringa, nimefuata hatua zote za mleta uzi. SSL/TLS nimeweka, 563 nimeweka, tiki nimeweka. Inaniambia cheti cha seva si halali, na haiendelei. Kompyuta ni ya mezani, niliinunua ikiwa imetumika. Nimejaribu kwa mitandao miwili ya simu, jibu lile lile. Nisaidieni jamani, usiku wa pili huu.

#11

Pole sana mwalimu. Itakuwa mtandao wako umefunga hiyo poti.

#12 – Mleta uzi

Mkuu #11, hapana. Poti ikifungwa asingefika hata kuonyeshwa cheti, ingesubiri tu mpaka ichoke. Cheti, yaani kitambulisho cha seva, kimemfikia, ila kompyuta yake haikiamini.

Mwalimu, samahani, naomba uniangalizie kitu kimoja kabla ya vyote. Tazama pembeni chini kwenye skrini. Kompyuta inasema leo ni tarehe ngapi, mwaka gani?

#13 (mwalimu wa #10)

Inasema 1 Januari 2015.

#14 – Mleta uzi

Basi tumempata.

Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta yako inaamini tuko 2015, kwa hiyo inakiona ni cheti ambacho muda wake haujaanza, inakataa. Inafanya kazi yake sawasawa, ni saa ndiyo inayoidanganya. Na hata ungepenya ukaandika ujumbe, tarehe ya 2015 ingekuharibia, seva nyingi zinakataa ujumbe wenye tarehe iliyopitwa sana.

Weka saa sawa sasa hivi, ujaribu. Lakini ukizima na kuchomoa umeme itarudi tena, kwa sababu kile kibetri cha kwenye ubao mkuu kimekufa. Ni bapa, mviringo kama sarafu, kimeandikwa CR2032, volti 3. Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua ubavu, kisukume kile kikucha kidogo cha chuma pembeni, kitatoka chenyewe. Kipya unaweka upande wa kujumlisha juu. Maduka ya saa wanavyo.

#15

Duh, hili la betri sikulitegemea. Nimejifunza.

#16

Mimi inanipa namba tu, 480, haisemi kitu kingine. Maana yake nini?

#17 – Mleta uzi

480 ni seva inakwambia jitambulishe kwanza. Rudi kwenye ile tiki ya tatu. Ukiona 481, umejitambulisha lakini jina au nenosiri si sahihi, na mara nyingi ni nafasi iliyonakiliwa pamoja na nenosiri mwishoni. 411 ni kundi hilo halipo kwenye seva hiyo, kagua tahajia. 441 ni ujumbe wako umekataliwa kutumwa, na mara nyingi maelezo yake yanafuata hapo hapo, yasome.

Namba hizi hazikutungwa na programu, ni lugha ya seva yenyewe, NNTP, iliyoandikwa mwaka 1986 na kuhuishwa 2006. Ukitaka kuisikia kwa masikio yako bila kisomaji chochote, kwenye Linux fungua skrini ya amri:

openssl s_client -crlf -quiet -connect news.eternal-september.org:563

Itakukaribisha kwa 200. Andika AUTHINFO USER na jina lako, itajibu 381, yaani bado nenosiri. Andika AUTHINFO PASS na nenosiri, ikikubali ni 281. Kisha GROUP sci.electronics.repair, itakupa 211 na namba za ujumbe uliopo. Ukimaliza, QUIT.

Nawasihi mfanye hivi hata mara moja. Ukishaongea na seva mwenyewe unajua hasa tatizo liko wapi: hapa likikubali na kisomaji kikakataa, basi ni mipangilio ya kisomaji. Ni sawa na kupima umeme ukutani kabla hujafungua redio.

#18 – Dada wa Mombasa

Asante kwa somo, fundi. Mie nimeingia tangu juzi na nimejiunga comp.sys.raspberry-pi, kundi la zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, watu wako hai kule. Nikauliza swali langu, nikajibiwa, lakini mmoja kaniambia ujumbe wangu hausomeki vizuri na nijibu chini, si juu. Sikumwelewa.

#19 – Mleta uzi

Dada, karibu sana, na usivunjike moyo, huyo amekusaidia. Mambo mawili.

La kwanza, Thunderbird inaandika kwa mapambo, rangi na herufi nene. Kule wanasoma maandishi matupu, wengine kwa hizo skrini nyeusi za #7. Ingia mipangilio ya akaunti hiyo, sehemu ya uandishi, ondoa tiki ya kuandika kwa HTML, ndiyo hayo mapambo.

La pili, desturi ya kule ni kunukuu sentensi unayoijibu, ukafuta zilizobaki, kisha jibu lako likakaa chini yake. Hapo hapo kwenye uandishi kuna pa kuchagua jibu lianze chini ya nukuu. Ukifikiri ni haki: anayekusoma anaweza kuwa hajapata ujumbe wa mwanzo, seva yake bado haijaupokea, kwa hiyo anaona swali halafu jibu.

Na kabla ya kutuma mahali pa watu, jaribia alt.test. Limewekwa kwa kazi hiyo.

#20

Mimi nina wasiwasi na taka. Nakumbuka zamani makundi yalijaa matangazo hadi hayasomeki.

#21 – Mleta uzi

Ni kweli yalijaa, na sehemu kubwa ilikuwa inapitia Google Groups. Tangu Februari 2024 pamepungua mno, utaona mwenyewe. Kinachobaki, kwenye Thunderbird bonyeza K juu ya mada, mada yote inapotea machoni pako. N inakupeleka kwenye ujumbe unaofuata ambao hujausoma. Vidole viwili tu na unapita kundi zima.

Nikubali pia upande wa pili: makundi mengi ni matupu. Unaweza kujiunga kumi ukakuta manne ndiyo yenye watu. Utazame tarehe za mwisho kabla hujaanza kuuliza. Na kuna news.gmane.io, seva tofauti, yenyewe inazileta orodha za barua pepe za miradi ya programu kana kwamba ni makundi. Unaiongeza kama akaunti ya pili. Kwa vijana wanaoandika programu huru, humo ndimo wenye miradi wanamoongea.

#22 (mwalimu wa #10)

Fundi, nimerudi. Betri nimeipata kwa fundi saa pale sokoni, nimebadilisha mwenyewe, mikono ikitetemeka. Nimezima, nimechomoa umeme, nimewasha tena, tarehe imebaki ya leo. Nikafungua Thunderbird, ikaniomba nenosiri, na makundi yakaanza kushuka.

Nimejiunga na sci.lang, maana nafundisha lugha. Mada ya kwanza niliyoifungua ina majibu mengi na wanabishana kwa hoja. Bado naisoma.

#23 – Mleta uzi

Mwalimu umenifurahisha kuliko unavyodhani. Weka tarehe hiyo kwenye karatasi ndani ya kava la kompyuta, kibetri kikija kuisha tena miaka ijayo utajua kimekaa muda gani.